Tulikuwa tumeshalipa mtu wa gesi ya fuko, kumbe chini kwenye majani kuna bundi ametaga

Naandika hii kwa sababu kila mwaka mvua za masika zikianza kupungua nasikia watu wakiulizana dawa ya fuko na majibu ni yale yale, weka gesi, weka sumu, mwaga petroli shimoni uwashe, na hakuna anayemuuliza huyo mwenye shida kama anajua ni nani mwingine anaishi kwa hiyo shamba yake. Sisi tulikuwa tumefika mwisho kabisa wa hiyo njia. Depoziti imelipwa, tarehe imepangwa, jamaa wa kupuliza anakuja Jumatatu na vifaa vyake, halafu Jumamosi jioni tukagundua huko chini kwenye majani marefu kuna bundi ametaga ardhini. Yaliyofuata yalitugharimu pesa na yalituletea ugomvi kwa chama, na kuna mambo nilijifunza ambayo ningeshukuru sana kama mtu angeniambia mapema.

Wacha nianze na shamba yenyewe maana vile imekaa ndiyo ilituokoa. Sisi ni chama, wengi wamama na vijana kadhaa, tumekodi ekari chache upande wa chini wa Karen, Nairobi, pale ardhi inateremka kwenda mto Mbagathi, ukisimama unaona Rongai ng'ambo. Juu ni udongo mwekundu wa kuchimbika vizuri, hapo ndipo tunapanda karoti na viazi vitamu, na napia ya ng'ombe pembeni. Chini udongo unageuka kuwa ule mweusi wa kushika maji, mvua ikinyesha gambuti inabaki huko, kwa hivyo hakuna mtu amewahi kulima, ni majani mpaka kiunoni na matete karibu na mto. Fuko anataka ule mwekundu. Kwenye tope jeusi linalojaa maji hawezi kukaa. Yaani shida yetu ilikuwa juu, bundi alikuwa chini, na hiyo tofauti hakuna mtu alikuwa ameiangalia, sote tulikuwa tunasema tu "shamba imejaa panya".

Kwa wale hawajawahi kupata fuko, mshukuru Mungu. Anaishi chini ya ardhi karibu maisha yake yote, ana macho madogo sana na meno ya mbele ya rangi ya machungwa yanayotokeza nje hata mdomo ukiwa umefungwa, na hayo meno ndiyo anachimbia. Unaamka asubuhi unapata vilima vya udongo mbichi katikati ya tuta, unavuta karoti unapata jani tu mkononi, chini hakuna kitu. Viazi vitamu ndiyo usiseme, anakula akiwa chini na juu majani yanabaki kijani, unakuja kujua siku ya kuvuna. Ile msimu tulipoteza karibu tuta zote za upande wa ua, na hizo zilikuwa za kulipia karo za watoto wa watu. Nasema hivi ndio mtu asifikirie naandika kama mtu wa kupenda ndege ambaye hajui njaa ya mkulima. Fuko alikuwa lazima aondoke.

Sasa huyu jamaa wa kupuliza alikuja na mpango wa sehemu tatu. Kwanza tembe za alumini fosfaidi ndani ya mashimo ya fuko, unatumbukiza, unaziba na udongo, unyevu wa ardhini unazifanya zitoe gesi ya fosfini inayoua kila kitu kinachopumua humo ndani. Pili chambo cha sumu kisambazwe huko chini kwenye majani, kwa ajili ya panya wa kawaida wale wanakula mahindi mabichi ya jirani. Tatu majani yote yakatwe na slasha mpaka chini, yachomwe, "ndio wasiwe na pa kujificha." Ukisikiliza haraka unaona ni kazi imekamilika. Mimi mwenyewe nilipiga kura tumlipe.

Jumamosi kijana wetu mmoja akatumwa ashuke aone majani yako na ukubwa gani ili tujue tutahitaji watu wangapi wa slasha. Jua lilikuwa linazama. Akarudi anakimbia, ati kuna ndege mkubwa ameanguka mbele yake, bawa limevunjika, anagaragara na kulia, lakini kila akikaribia anajivuta mbele kidogo. Nikashuka naye. Kweli alikuwa pale, anapiga bawa moja kwenye majani na lingine amelilegeza, mlio wake wa kukwaruza, sijawahi kusikia bundi akitoa sauti hiyo. Tulipomfuata hatua kadhaa akainuka akaruka vizuri kabisa, hana shida yoyote. Wakati huo hatukuelewa. Ndege wengi wa kutaga ardhini wanafanya hivyo, anajifanya ameumia umfuate yeye uachane na mayai. Ukiona ndege anakufanyia hivyo simama hapo hapo, usipige hatua nyingine mbele, angalia miguu yako iko wapi kisha urudi kwa njia ile ile uliyokuja nayo, maana mayai au watoto wako karibu sana.

Kiota tulikiona wakati wa kurudi, na nilikitazama mara hiyo moja tu. Hakikuwa kitu cha kujengwa. Majani yalikuwa yamekandamizwa yakawa na bonde dogo, na yale ya pembeni yameinama juu yamefunika, upande mmoja kuna kanjia kembamba ka kuingilia. Ndani mayai meupe ya mviringo, na moja lilikuwa limetobolewa kwa ndani, nyufa zake zinasogea. Pembeni ya kanjia kulikuwa na mabonge meusi ya manyoya, yale bundi anatapika baada ya kumeza panya mzima. Nilichukua moja nikalipasua nyumbani juu ya gazeti, nikapata taya za panya, tena zaidi ya panya mmoja, mbavu nyembamba na vipande vya wadudu. Hapo ndipo nilianza kufikiria vizuri. Huyu ndege anakula panya wale wale tunataka kuwawekea sumu.

Jumapili baada ya kanisa tukakaa kikao na hakikuwa kikao kizuri. Shosho mmoja ambaye ndiye tunamheshimu kuliko wote akasema ndundu, yaani bundi, akikaa karibu na watu lazima mtu afe, na kwamba kama ni yeye angewasha hayo majani jioni hiyo. Hakuwa peke yake. Mwenyekiti alikuwa anahesabu pesa, depoziti imeshaenda na jamaa ameshasema hairudi. Kijana aliyemuona bundi ndiye alitetea, akasema "Shosho, huyu ndege amekuwa hapa tangu tukodishe na hakuna mtu amekufa, na wewe ndiye umekuwa ukilia panya wanakula mahindi." Mimi niliomba kitu kimoja tu, tusiguse sehemu ya chini mpaka niulize watu wanaojua. Tukapiga kura na tukashinda kidogo sana. Mama mmoja alitoka kwa chama wiki hiyo na mpaka leo hajarudi, na hilo linaniuma, maana tulianza naye.

Niliuliza watu wa Nature Kenya, ofisi yao iko pale Makumbusho ya Taifa, na huwa wana matembezi ya kuangalia ndege kila Jumatano asubuhi ambayo mtu yeyote anaweza kujiunga. Niliwaonyesha picha niliyopiga kwa simu akiwa ametua kwenye mwinuko jioni, kahawia, uso wa duara wa rangi ya maziwa ya chai, macho meusi yamezungushiwa weusi kama bibi harusi aliyepakwa wanja. Wakanijibu bila kusita, Asio capensis, bundi wa vinamasi. Anataga ardhini kwenye majani marefu, na anaanza kuruka kuwinda jua likiwa halijazama, ndio maana watu wanamuona kuliko bundi wengine. Kuna mwingine pia wa kutaga chini, Tyto capensis, huyo uso wake una umbo la moyo, anapatikana kwenye nyasi ndefu za nyanda za juu lakini ni adimu zaidi.

Kitu kikubwa waliniambia ni ratiba, na hii ndiyo naomba msomaji ashike. Mayai yanalaliwa karibu wiki nne. Mama anaanza kulalia yai la kwanza kabla hajamaliza kutaga, kwa hivyo watoto wanatoka siku tofauti na ukubwa tofauti. Halafu watoto hawakai kiotani mpaka waweze kuruka. Wakifika karibu wiki mbili na kitu wanatoka kwa miguu, wanatawanyika kwenye majani kila mmoja peke yake, na wazazi wanawapelekea chakula huko huko. Kuruka ni mpaka karibu wiki ya tano au zaidi. Sasa fikiria mtu anakuja anaangalia kiota, anakuta hakuna kitu, anasema wameenda, anaita vijana wa slasha. Watoto wako hapo, wamelala chini wametulia kabisa kwa sababu hiyo ndiyo kinga yao, na slasha haiwaoni. Kutoka yai la kwanza mpaka mtoto wa mwisho aruke ni zaidi ya miezi miwili, na hiyo miezi miwili ndiyo tulipaswa kununua.

Usiku nikawa nasoma. Watu wengi wanaoandika kuhusu fuko na bundi wako Amerika, na huko hali ni tofauti na yetu kwa njia moja muhimu. Kuna bundi wao mdogo, Athene cunicularia, huyo hataki majani, anakaa ndani ya shimo lenyewe. Anachukua mashimo ya wanyama wachimbaji, wale kindi wa ardhini wa California na wale wanaishi kwa makundi makubwa kwenye mbuga za katikati ya Marekani, anataga humo ndani na mchana anasimama mdomoni mwa shimo akiangalia. Wakulima wa huko wanachukia hao wachimbaji vile sisi tunachukia fuko. Ukitia gesi kwenye shimo lake umeua mama na watoto wote mara moja na hutajua, maana umeshaziba. Kwa hivyo huko wanafundishwa kuangalia kila shimo kwanza, kama kuna madoa meupe ya kinyesi, manyoya, mabonge ya kutapika, hata kinyesi cha ng'ombe kilichokatwakatwa, maana huyo bundi anakusanya mavi ya ng'ombe anayatandaza mlangoni na wadudu wa mavi wakija anawala. Watoto wake wakitishwa shimoni wanatoa sauti ya nyoka. Nilipenda sana kusoma hayo lakini nilijua si wetu. Nilichochukua ni ile tabia ya kuangalia shimo kabla hujaligusa.

Na kwetu kuangalia shimo ni rahisi kuliko huko, kwa sababu ya tabia ya fuko. Fuko haachi mlango wazi. Akimaliza kusukuma udongo nje anaziba, unaona kilima tu, huoni tundu. Kwa hivyo shimo lililo wazi, lenye mdomo safi, hilo si la fuko. Tulizunguka shamba nzima na hiyo kanuni tukashangaa. Mashimo ambayo jamaa wa gesi alikuwa ameshayawekea alama ya vijiti mengi yalikuwa wazi, na kwenye ukingo wa mtaro vile vitundu tulivyodhani ni vya panya vilikuwa vya keremkerem, wale ndege wanaokula nyuki, tuliwaona wakiingia na wadudu mdomoni. Angetia tembe humo zote na fuko wangebaki wanakula karoti.

Jambo lingine kuhusu hizo tembe, kando na ndege. Gesi ya fosfini haina dawa ya kuitibu, mtu akiivuta, hospitali inaweza tu kuusaidia mwili wake ustahimili. Marekani lebo zinakataza kuziweka ndani ya futi 100 kutoka jengo lenye watu au mifugo, hiyo ni kama mita 30, na nyumba ya mlinzi wetu haifiki umbali huo kutoka kwa tuta za karoti. Analala humo na watoto. Hakuna mtu alikuwa amepima. Mtu akikuletea hizo tembe mwambie akuonyeshe leseni na akuonyeshe kwamba dawa imesajiliwa na PCPB, ile bodi ya serikali ya viuatilifu, na kama zimewekwa kwa mfuko wa plastiki bila lebo mwambie aende nazo.

Basi tukapanga upya. Sehemu ya chini tukaizungushia vijiti vyenye vitambaa, mbali na kiota, na hatukuweka alama kwenye kiota chenyewe kwa sababu alama inaita watoto wa mtaa na inaita mbwa. Njia ya kwenda mtoni kuchota maji tukaihamisha. Hakuna kupita hapo jioni, huo ndio wakati wazazi wanalisha. Sehemu ya juu, udongo mwekundu, kazi ya fuko ikaendelea, lakini kwa mitego.

Mtego wa fuko ni kazi ya fundi na wazee wa upande wa Dagoretti na Kikuyu bado wanaijua. Tulimpata mzee mmoja, tukakubaliana analipwa kwa kila fuko anayemtoa, shilingi 200 kichwa, chakula cha mchana juu yetu. Nilikaa naye nikaona. Anatafuta kilima cha udongo ambao bado una unyevu, cha jana hataki. Anachimba pembeni polepole mpaka apate njia yenyewe, mkono mzima unaingia. Anaweka kitanzi cha waya ndani kikigusa kuta, uzi umepita katikati ya njia, na juu kuna fito mbichi ameipinda mpaka chini ikashikwa na huo uzi. Halafu anaacha pawe wazi kidogo hewa iingie. Akaniambia, "Mama, fuko hawezi kuvumilia upepo nyumbani kwake." Anakuja kuziba, anakuta uzi umemzuia, anaukata na meno, fito inafyatuka na kitanzi kinambana. Mzee anakaa mbali, hataki mtu atembee karibu, kwa sababu fuko anasikia hatua za mtu kupitia ardhi. Mtego kama huo unamkamata fuko peke yake. Hakuna sumu inabaki, mzoga unauzika au unazikwa, na ndege hana namna ya kuingia.

Ilikuwa polepole, sitadanganya. Kuna siku mzee anatoa wachache na kuna siku anarudi mikono mitupu, na fuko akiepuka mtego mara moja ni shida kumpata tena. Kwa jumla tulilipa zaidi ya ile bei ya gesi, ukiweka na depoziti iliyopotea. Lakini karoti za msimu uliofuata tulivuna, na tukaongeza kitu kingine, tukazungusha tuta za karibu na ua mabati ya zamani tuliyoyazika wima ardhini. Hiyo inasaidia pale ulipoiweka, kwa ekari nzima huwezi.

Kuna mtu ataniuliza, si bundi angewamaliza hao fuko? Hapana. Fuko mkubwa ni mzito na hatoki nje ovyo, huyu bundi wa majani anakula panya wadogo wa juu ya ardhi, wadudu, kumbikumbi. Na hata hao panya hawezi kuwamaliza, panya shamba mmoja anazaa watoto kumi kwa mara moja mvua ikiwa nzuri. Anawapunguza, na anawapunguza bure. Usimwahidi jirani yako miujiza ndio akubali kumlinda, akiona panya mmoja baadaye atasema ulimdanganya na bundi ndiye atalipia.

Sasa nafika kwa sehemu ngumu. Jirani wa juu hakuwa kwa mpango wetu. Alinunua dawa ya panya kutoka kwa wale wanaotembeza na spika, dawa ya panya dawa ya mende dawa ya kunguni, akatupa stoo na kando ya ua. Baada ya muda mlinzi wetu akanipigia, kuna bundi amekaa chini ya ua mchana kweupe, harushwi na kitu. Huyu hakuwa wetu wa majani, alikuwa yule mweupe wa kukaa kwenye dari za nyumba. Nilimkuta ameegemea nguzo, macho nusu, na kwenye mdomo kuna damu ambayo haikuwa inakauka. Tulimweka kwenye katoni yenye matundu, giza, bila maji bila chakula, maana kumlazimisha kunywa kunaweza kumuua, na tukatafuta watu wa Kenya Bird of Prey Trust ambao wanahudumia ndege wa kuwinda walioumia. Hakufika usiku. Nililia kwenye gari na sioni aibu kusema.

Daktari wa wanyama alinieleza kwamba dalili zile ni za sumu zinazozuia damu kuganda, na nikaelewa kwa nini ile chambo ya sehemu ya chini ingekuwa mbaya kuliko gesi. Panya akila sumu hiyo hafi siku hiyo. Anaishi siku kadhaa, anaendelea kula zaidi, anaanza kulegea, anatembea polepole mahali pa wazi hata mchana, yaani anakuwa ndiye panya rahisi zaidi kukamatwa. Bundi anamchukua yeye, anampelekea mtoto. Na zile za kizazi cha pili, lebo ukisoma jina linaanza na brodi- au bromadi-, zinakaa kwenye ini kwa miezi, kwa hivyo panya wa leo na wa wiki ijayo wanajumlishana ndani ya bundi mmoja. Zile za zinki fosfaidi hazikai mwilini hivyo, lakini zikichanganywa na nafaka zikatupwa wazi, kwale na njiwa wanaziokota. Akiwahiwa mapema daktari anaweza kumpa vitamini K1, kwa hivyo ukimuona bundi amekaa vibaya mchana usingoje kesho uone kama ataamka.

Nilienda kwa jirani. Nilikuwa na hasira lakini nilitembea kwanza mpaka ikashuka, kisha nikabeba sukuma na karoti kidogo. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na vifaranga wanaoliwa na panya. Tukakubaliana chakula cha kuku kiwekwe kwenye mapipa yenye kifuniko, stoo iinuliwe, na panya wa ndani watumiwe mitego ya kubana. Akikubali kutoa sumu, usimwache na mzigo peke yake, sisi tulimnunulia mitego ya kwanza kutoka kwa pesa za chama.

Watoto wa bundi walitoka kiotani vile tulivyoambiwa. Tulijua kwa sauti, jioni unasikia wakiita kutoka sehemu tofauti za majani. Mmoja aliuawa na mbwa wa mtaa, tulipata manyoya tu, na hapo ndipo tukaweka mtu wa kukaa pale magharibi mpaka giza, kwa zamu. Shosho alichukua zamu pia. Alikuja siku ya kwanza kwa sababu mjukuu wake alikuwa zamu na hakutaka akae peke yake, akakaa kwenye mtungi ulioinamishwa, mama bundi akapita chini chini mbele yetu na panya kwenye kucha, mkia unaning'inia. Shosho akasema, "Huyo alikuwa anakula mahindi yangu." Hakusema kwamba amebadilisha mawazo kuhusu ndundu na mimi sikumuuliza.

Majani tulikuja kukata baadaye kabisa, tulipokaa jioni nyingi bila kusikia mtoto akiita na tukawaona wakiruka wenyewe. Hata hivyo hatukuingia na slasha moja kwa moja. Watu walijipanga mstari, wakapita polepole na fimbo ndefu wakipapasa, mwenye slasha nyuma yao. Tulianzia katikati tukielekea mtoni ili chochote kilichomo kipate pa kukimbilia, maana ukianza pembeni ukizunguka kuelekea katikati unawafungia wote kwenye kisiwa cha mwisho. Kwa njia hiyo tulipata kiota cha kwale chenye mayai tukakiacha na majani yake. Na tulikata nusu tu, nusu ikabaki mpaka msimu mwingine. Hatukuchoma.

Kama uko na shida hii sasa hivi na hujui uanzie wapi, kabla ya kulipa mtu yeyote kaa pembeni ya shamba yako jioni chache kuanzia saa kumi na moja na nusu mpaka giza, uangalie tu nani anaruka chini juu ya majani na anashuka wapi. Akishuka mahali pamoja tena na tena akiwa na kitu kwenye kucha, hapo kuna watoto. Haikugharimu kitu. Na ukiongea na fundi, mpe kazi ya kipande unachokijua, tuta hizi na hizi, usimwambie "malizia shamba yote", kwa sababu atamaliza kweli.

Paka pia niliulizwa. Chama kilitaka tulete paka wa shambani na nilikataa, paka anakamata panya lakini mtoto wa bundi aliye chini ni windo rahisi zaidi kwake.

Mwaka huu tulipokuwa tunaandika upya mkataba na mwenye shamba tukaomba aweke hayo mambo kwa maandishi, maana yeye ndiye angeweza kumpa mtu mwingine sehemu ya chini alishe mbuzi au achome. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inahusu ndege wa porini pia na tulimweleza hivyo, lakini kilichomshawishi ni kwamba hakuna anachopoteza, hiyo sehemu hailimiki. Imeandikwa kwamba majani ya chini hayaguswi kuanzia mvua za masika mpaka mwisho wa Agosti, baada ya hapo yanakatwa nusu kwa nusu, na ndani ya ua hakuna chambo ya sumu, fuko ni wa mitego. Fundi wetu wa mitego naye tumemuomba aje na vijana wawili wa chama awafundishe kupinda ile fito, yeye magoti yameanza kumsumbua na fuko hawajaisha.